Mkaja wa Marijani

Sogeeni, na aliyekuja kusinzia arudi kwao akasinzie vizuri. Hadithi ya leo imewashinda watu wenye ndevu mpaka kifuani. Imemshinda shehe, imemshinda mjumbe wa mtaa, ikamshinda na yule mwalimu wa darasa la tano aliyeniambia sitafika popote. Nyie nao itawashinda. Mimi kazi yangu ni kuimimina tu, wa kuichota ni nyie.

Palikuwa na wanawake watatu katika mtaa mmoja wa Tanga, nyuma ya reli, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza Tausi, mke mkubwa wa Bwana Mbaruku. Kipaji chake mkono. Tausi akipika wali, punje hazijuani. Haonji wala hafunui sufuria. Anapalia makaa juu ya kifuniko, anatega sikio, na wali wenyewe unamwambia nimeiva. Harusi ya mtaani haikutangazwa siku kabla Tausi hajaulizwa kama ana nafasi.

Wa pili Mwantumu, mke mdogo wa Mbaruku huyohuyo. Kipaji chake miguu. Si mbio, hapana, hata kuku angemshinda. Ila miguu yake haijui kurudi nyuma. Ukimwambia njoo kesho, kesho utamkuta mlangoni kwako, ameshafagia na kibaraza.

Wa tatu Zaituni, dada yake Mbaruku, nyumba ya ubavuni. Kipaji chake maziwa. Akijifungua, mtoto wake anashiba, wa jirani anashiba, na kanga inalowa bado. Nusu ya vijana wa mtaa ule ukiwauliza vizuri ni ndugu kwa ajili yake.

Tausi alikuwa na kipaji cha pili, lakini hicho hakuna aliyemsifia: wivu. Na si wivu wa kubahatisha. Mbaruku akimpelekea mke mdogo papai, Tausi anajua lilikuwa zito kiasi gani. Mbaruku akicheka chumba kile, Tausi chumba hiki anajiuliza kachekeshwa na nini, na kwa nini kicheko hicho yeye hajawahi kukisikia. Hadithi hii nitaifuata nyuma ya mgongo wake, kwa sababu mwenye wivu ndiye aliyeona kila kitu. Wengine walikuwa wanaishi tu.

Sasa kabla hatujaenda mbali. Nyie watoto wa simu, mkaja mnaujua? Hamuujui. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua. Basi binti akiolewa, watu wa bwana harusi wanaleta kitambaa kipya kwa mama yake, kumwambia: lile tumbo lililoumia kwa ajili ya huyu, tumeliona. Anafungwa kiunoni mbele ya kadamnasi, vigelegele vinapigwa, na tangu hapo hakuna mdomo utakaomuuliza, wewe ni nani kwa binti huyu? Mkaja ni mmoja. Haukatwi, haushonwi wa pili. Na usipofungwa, bibi harusi hatoki ndani.

Tausi alizaa wana wa kiume watupu, wakubwa hao, wamekwenda zao Dar kutafuta maisha. Mwenye wana wa kiume haletewi mkaja, anapeleka. Mara mbili Tausi alipiga magoti kufunga viuno vya wanawake wengine, meno nje yanacheka, roho ndani inatafuna kitambaa kile uzi kwa uzi.

Tukamate njia.

Mwantumu aliolewa, akakaa, mimba haikuja. Alikuwa na kaka yake mpishi wa meli za mizigo, akamwambia kuna kituo cha mayatima Majunga, ng'ambo huko, kisiwa cha Bukini, hicho wasomi wanachokiita Madagaska. Kaka alisema kwa mazungumzo tu, kama mtu anavyosema kuna mvua Lushoto. Mwantumu akafunga mzigo.

Kule akaonyeshwa mtoto mmoja, wakamuuliza: "Kwenu mtoto huyu ataitwa nani, mgeni au mwenyeji?" Akarudi kuuliza huku, huku nako wakamwuliza: "Wa hapa wameisha, mama, mpaka uvuke bahari?" Ofisi hii inamtuma ile, ile inasema mwenye muhuri amesafiri. Safari ya kwanza alirudi mikono mitupu. Alimwachia mtoto kanga yake, avute harufu, amzoee. Safari ya pili akaikuta ile kanga imefuliwa kwa sabuni ya mche na kutundikwa dirishani, pazia! Mtoto amelala chini yake, hana habari. Mwantumu hakulia. Alipanga chumba kwa muuza samaki, akawa anakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi kila asubuhi, mpaka mwenye muhuri akachoka kumwona.

Akarudi na kitoto cha kike mgongoni, mwaka mmoja na ushei, nywele laini kama za mahindi, macho makubwa, mdomo umefungwa kama kufuli. Akamwita Marijani.

Mtaa mzima ukaja kutazama. Tausi akaja wa mwisho, mikono kiunoni.

"Mwenzangu," akasema, "kwani huko Bukini wanagawa?"

"Wanagawa, dada," Mwantumu akajibu, hata hakugeuka. "Ila foleni yake si ya wavivu."

Wanawake wakacheka. Tausi naye akacheka, akaingia jikoni kwake, akaosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa.

Lakini mambo hayakuwa mepesi. Mtoto hakula. Uji wa ulezi akatema. Ndizi akaitazama kama jiwe. Maziwa ya ng'ombe yakamwagika shingoni. Mwantumu akamwimbia, akambembeleza, akamtafunia, wapi! Mkono wa mtoto ukawa kama njiti. Hospitali wakampima kila kitu, daktari akasema: "Mama, mtoto huyu hana ugonjwa. Ana ugeni." Na dawa ya ugeni haiuzwi duka lolote.

Tausi alikuwa anaona. Aliona Mwantumu anavyokonda pamoja na mtoto. Nyie mnadhani alihuzunika? Alihuzunika, ndiyo, lakini pembeni ya huzuni kilikuwepo kijisauti kinasema, si ulijifanya hodari wa foleni.

Adhuhuri moja Tausi amebandika wali, unachemka maji, tui bado halijaingia. Akasikia sauti ya kiume inaimba. Akatega sikio. Ni Mbaruku, chumbani kwa Mwantumu, anamwimbia yule mtoto! Mbaruku, aliyelea wana wa Tausi kwa kukohoa tu! Tausi akatoka na mwiko mkononi, akasimama chini ya dirisha, akasikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili, akasikiliza na kiitikio. Sikio lile lililokuwa likisikia wali siku hiyo lilikuwa na kazi nyingine.

Wali ukaungua. Wa Tausi! Ulikuwa haujawahi kuungua tangu aolewe.

Akakimbia, akaupakua wa juu, akamimina maji sufuriani upesiupesi kuua harufu kabla majirani hawajainusa. Maji yakachemka juu ya ule ukoko, yakageuka rangi ya chai kavu. Akaitua sufuria uani ipoe, aje aisugue. Alipogeuka, kitu kinatambaa. Marijani. Katoka chumbani, kavuka kizingiti, pua juu kama paka. Akaifikia ile sufuria iliyokwisha kuwa ya vuguvugu, akaikumbatia, akatia uso ndani. Akanywa. Mnasikia? Akanywa mpaka tumbo likalia.

Mwantumu akatokea mbio. "Dada! Unamnywesha mwanangu maji ya kuoshea vyombo?"

"Mimi nimemwita?" Tausi akajibu.

Mwantumu akaivuta sufuria. Mtoto akapiga ukelele. Tangu afike alikuwa hajalilia kitu chochote, na hiki sasa anakililia kwa miguu na mikono.

"Mwachie," Tausi akasema. "Mwachie, nimesema!"

Mwantumu akaiachia. Akakaa palepale sakafuni, akaziba uso. Ndipo alipotoa lililokuwa moyoni. Kule kituoni alikuwa akiwaona. Kila baada ya chakula wanachemsha maji kwenye ukoko wa wali, watoto wanapewa, walezi nao wanakunywa. Yeye akadhani ni ufukara, hawana majani ya chai. Akaapa mwanawe akivuka bahari hatakunywa masizi tena. Ameyajua maji yale siku zote hizo, akaona haya kuyataja.

"Kumbe ndiyo kwao," akasema. "Nimemnyima kwao."

Tausi alikuwa anatazama kile kichwa kidogo ndani ya sufuria yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani mtu aunguze wali tena.

Akauunguza kesho yake. Na keshokutwa. Miaka, jamani! Mtoto alianza kula vingine polepole, ilimradi bakuli la maji yake liwe pembeni. Na kila siku moshi ukatoka jikoni kwa Tausi, na kila siku majirani wakapita wameziba pua.

"Bi Tausi, leo tuwaite zimamoto?"

"Waite, na mumeo aje, nasikia kwako anakula wali mbichi."

Kujibu alijibu, lakini jina likaondoka. Nani atamwita kwenye harusi mpishi ambaye jiko lake linanuka ukoko? Akaitwa mwingine, mwanamke wa mtaa wa pili, mwenye mkono wa kawaida kabisa. Tausi akawa anakwenda harusini kama mgeni, anapewa sahani, anahesabu makosa, anameza.

Lakini msikimbilie kumsifu. Marijani alikuwa akisikia harufu ile tu, anateremka mapajani kwa Mwantumu, anakwenda kushika pindo la kanga ya Tausi. Na Tausi alikuwa akitazama dirisha la mwenzake kuhakikisha anaona. Alikuwa akiunguza wali kwa kumpenda mtoto au kwa kumkomoa mke mwenza? Ukimuuliza mpaka leo atakufukuza.

Wivu ukahama chumba. Mwantumu, aliyekaa benchi la ofisi ng'ambo, sasa anakaa kitandani anasikia mwanawe anacheka jikoni kwa mwenzake. Akajaribu kuunguza wake. Ukawa mweusi, mchungu, Marijani akautema. Tausi nyuma ya mlango akaziba mdomo kwa kanga. Hata kuunguza kunataka fundi!

Lakini turudi nyuma, miezi ileile ya mwanzo, Tausi alipojiona kashinda. Hakumaliza hata mwezi.

Shehe alikuja kumsalimia mtoto, akamvuta Mbaruku pembeni, na Tausi, mnamjua, akawa anafagia hapohapo. Shehe akasema: "Mbaruku, huyu si damu yako. Akivunja ungo utakuwa mwanamume wa kando kwake. Atajifunika ndani ya nyumba yake mwenyewe, au umtafutie pengine pa kukaa. Lakini hajatimiza miaka miwili. Dada yako ananyonyesha. Akimnyonyesha kama sheria inavyotaka, wewe umekuwa mjomba wake, na nyumba imekuwa yake."

Zaituni hakusubiri kubembelezwa. Alikuwa na kichanga chake, Sudi. Akamchukua Marijani, akampakata. Marijani hakulijua titi, alilelewa kwa kikombe. Na meno anayo. Akauma! Zaituni akapiga yowe lililosimamisha watu barabarani, machozi yakamtoka, lakini hakumtoa. Siku ya pili akauma tena. Mume wa Zaituni akanung'unika: "Wewe ni mke au ng'ombe wa kijiji?" Zaituni akamwambia: "Ng'ombe, na zizi ni hili. Fungua mlango utoke." Akaendelea mpaka mtoto akajua, akatulia, akalala kifuani. Sudi akaachishwa mapema maskini. Yule kijana mfupi anayekaa pale kwenye duka la rangi mnamwona? Ndiye Sudi. Urefu wake uko kwa Marijani.

Tausi aliwakuta siku moja kibarazani, mtoto amelala na titi mdomoni, mkono mdogo uko shingoni kwa Zaituni. Tausi alisimama na bakuli la maji ya ukoko. Kifua chake kilikuwa kimekauka zamani. Akamimina yale maji kwenye mchicha, akarudi ndani. Pamoja na ubora wote wa mkono wake, kuna mlango mkono hauingii.

Hivyo ndivyo Marijani alivyokua. Alikuwa na mama wa kumleta, mama wa kumlisha, na mama wa kumnyonyesha, na wote watatu wanachunguliana kama wauza nyanya wa soko moja. Marijani mwenyewe akawa binti mrefu, mcheshi, anaongea Kiswahili cha Tanga mpaka cha Tanga kinaona haya. Akapata mchumba, kijana wa Pangani aitwaye Nuhu, fundi wa majokofu. Mahari yakapokelewa, nikahi ikasomwa, ikabaki jambo moja.

Chumba kimejaa wanawake, udi unafuka, Marijani yuko nyuma ya pazia amepambwa. Bi Hidaya, shangazi yake Nuhu, akafungua sinia, akatoa kitambaa cheupe kimekunjwa, kinanukia asumini.

"Mkaja huu," akasema. "Mama wa bibi harusi asogee tumfunge."

Wakasimama watatu.

Wakatazamana. Hakuna aliyekaa.

"Mimi nimemfuata ng'ambo," akasema Mwantumu. "Nisingekwenda, leo mngekuwa mnamposa nani?"

"Dini imeniita mimi mama yake," akasema Zaituni. "Nisingemnyonyesha, angekulia nyumba hii amejifunika kama mpangaji."

"Alikuwa anakufa mikononi mwenu," akasema Tausi. "Nani alimshibisha? Jina langu limekwenda na moshi kwa ajili yake."

"Wewe uliunguza kwa umbea," akasema Zaituni. "Ulikuwa dirishani!"

"Wifi, wewe unayo mikaja miwili ya binti zako sandukuni," Tausi akamrudishia. "Unataka kufungua duka?"

Kona moja mwanamke wa Pangani akanong'ona, lakini kila mtu alimsikia: "Tumbo lenyewe si lao. Urudisheni Bukini."

"Mwenye tumbo, Mungu amsitiri alipo," Bi Hidaya akamkata. "Tungekuwa na anwani yake tungempelekea. Sisi tunataka mama wa nyumba hii." Akageukia pazia. "Marijani, mwanangu, tutajie wewe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Shangazi, nakuomba, usiniulize mimi. Nikimtaja mmoja, nitarudi kwa wawili kwa uso gani?"

Nje gari la bwana harusi likapiga honi. Bi Hidaya akafikiri, akainua kitambaa.

"Basi sikilizeni. Kila mmoja wenu ataje anayestahili. Kujitaja hapana. Atakayetajwa na wenzake wote wawili, huyo namfunga. Zaituni, anza."

Zaituni akamtazama Mwantumu. "Mwantumu," akasema. "Sisi wote tulimkuta uani. Yeye ndiye aliyemfuata."

Minong'ono ikapita. Sasa ikawa zamu ya Tausi, na hapo ndipo penyewe. Akisema Mwantumu, yamekwisha, mkaja umefungwa. Neno moja tu. Tausi alilijua, na alijua pia kwamba ni haki lisemwe. Alifungua mdomo alitoe. Akaona Mwantumu anajiweka sawa kanga kiunoni, kama mtu anayejitayarisha kufungwa. Ni hicho tu. Kanga kiunoni.

"Zaituni," Tausi akasema.

Zaituni akainua macho, hakutegemea. Sasa wote wakamgeukia Mwantumu. Yeye naye alikuwa na neno moja: akisema Zaituni, Zaituni ana mbili, anafungwa. Mwantumu akamtazama mke mwenzake. Alielewa kabisa kilichofanyika, mke mwenza hadanganyiki.

"Tausi," akasema.

"Nani?" akauliza Bi Hidaya.

"Dada yangu Tausi. Mimi nilimleta mtoto, nikamfungia kwao nje ya mlango. Yeye alimfungulia. Kwa kutaka au kwa kutotaka, alimfungulia, na hakufunga tena."

Tangu Mwantumu aingie nyumba ile, Tausi alikuwa akingoja siku atakayomkuta na kosa, na leo kosa lilikuwa lake mwenyewe, limekaa katikati ya chumba, watu wanaliona. Akataka kusema, nibadilisheni, nilikusudia Mwantumu. Bi Hidaya akainua mkono kumzuia. Lililosemwa limesemwa.

Mmoja mmoja. Kila mwanamke katajwa mara moja. Honi inalia nje, Marijani analia ndani, wanja unamshuka mashavuni, na kitambaa bado kiko mikononi mwa Bi Hidaya.

Haya sasa, nyie mnaojua kila kitu! Wapo wanaosema apewe Mwantumu, kwani bila miguu ile hakuna hadithi. Wengine wanashika la Zaituni, aliyeng'atwa na hakusukuma, tena ndiye pekee aliyetaja bila hila. Wengine wanasema Tausi, kwa kuwa uhai ndio mwanzo wa yote, na aliyemtaja ni mwanamke mwenye sababu nyingi za kutomtaja. Na kuna wabishi wanaouliza kama Mwantumu naye alitoa kwa moyo, au alikuwa anamzuia Zaituni kama Tausi alivyomzuia yeye. Na kama wema uliofanywa kwa wivu ni wema nusu, hiyo nusu nyingine tuiweke wapi, maana mtoto alishiba kamili.

Mimi nimenyamaza. Kitambaa hicho nakuwekea wewe mkononi, msikilizaji, na bibi harusi anangoja. Viuno vitatu viko mbele yako. Ungekifunga kipi?